Kofia ya Nyange

Kwetu Jadida, hapa Wete, mtaro ukichimbwa ukaachwa wazi, watu husema hiyo kofia ya Nyange. Mtu akichumbia na mwaka wa tatu hajaoa, kofia ya Nyange. Hata watoto wa chuo cha Kurani nimewasikia wakimcheka mwenzao aliyekwama kwenye sura moja tangu mfungo uliopita. Nyange ni mimi. Kofia nitaieleza.

Nina miaka arobaini na tisa. Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo nje ya mji, tunachemsha makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, tunatoa mafuta. Naingia saa moja na nusu asubuhi, natoka saa tisa na nusu. Najaza makonyo kwenye pipa, nachochea moto, natoa yaliyokwisha kuchemka. Miaka kumi na moja sijachelewa hata siku moja. Kazi hiyo siipendi wala siichukii.

Kofia naipenda. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Kushona nilifundishwa na mama yangu, Bi Mize, Mungu amrehemu. Niliacha skuli darasa la tano, na miaka kadhaa nilishona naye kofia za mkono, zile nyeupe za vitobo. Unachora maua kwa penseli kwenye kitambaa, unatoboa, kisha kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kikae. Ua langu lina vitobo vinane, na kofia nzima ina maua zaidi ya mia. Baadaye nikaoa, nikaanza vibarua, sindano nikaiweka.

Idd moja, miaka mitatu nyuma, tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya msikiti. Vuai, rafiki yangu, fundi baiskeli, akanivua kofia kichwani akaigeuza ndani nje.

"Njooni muone! Mtoto wa Bi Mize kavaa ya mashine."

"Ya mashine imekufanya nini?"

"Mie haijanifanya kitu, yakhe. Nauliza tu. Ule ufundi ulikwenda na mama?"

Watu wakacheka. Mimi nikasimama, na mbele ya watu wote nikasema wallahi, sivai tena kofia kichwani mwangu ila ile nitakayoishona mwenyewe kwa mkono wangu, mwanzo mpaka mwisho.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshatangulia. Mke wangu, Mwanapili, alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Hukuona cha kuapia ila kofia?"

Nikamwambia mwezi mmoja, au miwili ikizidi sana.

Tangu siku hiyo nimekwenda kichwa wazi. Msikitini kichwa wazi, harusini kichwa wazi, mazikoni kichwa wazi. Asiyekujua akikuona hivyo kwetu hudhani umepatwa na jambo. Siku moja kwenye maziko, kijiji cha Shumba, mzee nisiyemjua alinivulia kofia yake akanipa. Nikaikataa. Akanitazama kama nimemtukana.

Na si kwamba nilikaa tu. Kila siku nikitoka kazini naoga, naswali alasiri, nakaa barazani kwangu na kitambaa kwenye goti. Natunga uzi. Navuta pumzi. Kinachofuata ni adhana ya magharibi, shingo inauma, na sindano bado iko baina ya vidole.

Nilidhani ni uchovu. Lakini Jumapili sina kazi, na Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Nikikaa na kofia tu, nakumbuka banda la mbuzi lina bati limelegea. Nalipiga misumari. Nakumbuka jirani aliniomba nimtizamie mlango. Namtizamia. Kazi ya mtu yeyote naifanya, nikiitwa au nisipoitwa. Yangu mimi, ninayoitaka, ambayo kichwa changu kinaingojea, haishikiki.

Vuai alinipa ushauri. Huyu ndiye aliyeniingiza, lakini ushauri anao.

"Shona ua moja kwa siku. Moja tu. Hata mgonjwa atashona ua moja."

Siku ya kwanza nikashona moja. Siku ya pili moja. Siku ya tatu nikasema, kwa kuwa ni moja tu, nitashona baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema kesho nitashona mawili. Wiki ya pili ilipokwisha, nilitakiwa nishone tisa kwa siku moja, basi nikaikunja kofia nikaiweka kabatini nisiione.

Nikajaribu baada ya alfajiri. Tundu la sindano silioni.

Kisha nikagundua jambo. Kiwandani, pipa likishapata moto, kuna saa mbili tatu za kungoja. Na pale, kwenye moshi na joto, nikiwa nimelowa jasho mpaka kiunoni, mikono inaniwasha kushona. Nachora maua kwa mkaa kwenye mfuniko wa pipa. Nawaza namna uzi utakavyokata kona ya ua. Basi nikaichukua kofia, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda nayo kazini. Wiki moja nikashona maua kumi na manne. Sijapata kufurahi vile tangu nilipooa.

Msimamizi wetu, Hamdan, akaja akasimama mbele yangu.

"Nyange, hapa tunachemsha makonyo."

"Najua."

"Sasa hiyo ni makonyo?"

Alikuwa na haki, sikubishana. Hata hivyo kitambaa kilikuwa kimeshaingia rangi ya mafuta upande mmoja na kinanuka karafuu. Mwanapili alikifua mara tatu, rangi ikapungua, harufu ikabaki.

Nilipoirudisha nyumbani, mikono ikafa tena. Hapo ndipo nilipoacha kujielewa. Kazini hamu ninayo, nafasi sina. Nyumbani nafasi ninayo, hamu sijui imekwenda wapi. Kama ni uchovu, kazini si ndiko ninakochoka? Nilimuuliza Mwanapili. Akasema hajui, lakini nikimaliza kuwaza kuna kuni za kupasua. Nikapasua kuni.

Mwaka huu mwanangu Yumna akaposwa. Mposaji ni Haitham, mwalimu, kijana wa Gombani, mtulivu, sina neno naye. Nikaha ikapangwa Ijumaa, baada ya alasiri, msikiti wetu. Mimi ndiye baba, mimi ndiye wa kumuoza. Nitakaa chini mbele ya shehe, uso kwa uso na Haitham, mkono wangu ndani ya mkono wake, na watu wa Wete na wa Gombani wote wanatutazama.

Yumna aliniletea chai barazani, akakaa.

"Baba, siku hiyo utakaa kichwa wazi?"

"Nitakuwa nimemaliza."

"Watu wa Gombani hawajui habari ya kiapo. Wataona baba yangu hakunijali, kaja kama anatoka shamba."

"Nimesema nitamaliza."

"Haya, Baba."

Hilo "haya" liliniuma kuliko maneno yote ya Vuai. Ilibaki miezi miwili, na maua sitini. Niliyahesabu mara mbili.

Wiki ya kwanza nikalala kila siku. Wiki ya pili nikaanza kuona mambo. Nimelala kwenye ua fulani, karibu na mshono wa kuungia. Naamka, na baada ya lile kuna jingine limekwisha, zuri, limekaza. Kwanza nikadhani nimekosea hesabu. Siku ya pili nikatia nukta ya penseli pale nilipofika. Nilipoamka, maua matatu yalikuwa yameipita ile nukta.

Nikamwita Mwanapili.

"Nashona usingizini."

"Unakoroma usingizini," akasema. "Kushona sijakuona."

"Tazama basi."

Akatazama. Akasema haya, labda, akarudi jikoni.

Nikampelekea Vuai kofia kwenye karakana yake. Akaishika kwa vidole viwili, mikono yake ina grisi.

"Kuna watu hutembea usingizini, yakhe. Weye utashindwa kushona?"

"Sikumbuki kitu."

"Basi una jini. Muulize kama anashona na suruali, yangu imechanika."

Nilicheka, lakini nilikuwa nimeamini. Si jini, hapana. Niliamini kwamba mwili wangu umejua njia yake, kwamba mimi nikiondoka mikono inabaki na kazi. Naona haya kuandika hivi, lakini nilijivunia. Na jambo jingine, ambalo mpaka leo silielewi: nilipoona kofia inasonga, na mimi nikaanza kusonga. Nikawa natoka kiwandani mbio. Nikawa nashona ua moja nikiwa macho, hata mawili, ndipo usingizi unanichukua. Maua sitini yakawa arobaini, yakawa ishirini na tano, yakawa kumi.

Jumamosi, siku sita kabla ya nikaha, usingizi haukuja. Sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa na furaha. Nikafumba macho makusudi, nataka kujua mikono yangu itafanya nini.

Mikono yangu haikufanya kitu. Nikasikia mlango. Nikasikia kanga. Vidole vikaja kwenye vidole vyangu vikaitoa sindano polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, na kitambaa kikaondoka gotini.

Nilitakiwa nifumbue macho pale pale. Sikufumbua. Nilikaa nikausikiliza uzi unapita, unavutwa, unapita, na kitu kilichokuwa moyoni mwangu kilikuwa kumuomba Mungu asiache. Kisha pua ikaniwasha, nikapiga chafya.

Yumna aliruka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Baba..."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile nilipokuuliza."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi. Si nilikuwa nalala chumbani kwake?"

Nilichukua kofia, nikaigeuza.

"Hili ni lako?"

"Sijui, Baba."

"Hili?"

"Hilo lako. Labda. La chini yake langu. Au hilo la pili." Akaanza kucheka, akajizuia. "Mimi nilikuwa nafanya haraka, Baba, nakuogopa. Sikuweka alama."

Na mimi nilikuwa nikitazama na sioni tofauti. Kwa kawaida mtu anayejua kofia anajua mkono wa mshonaji. Mmoja anakaza, mwingine analegeza; mmoja anazungusha kulia, mwingine kushoto. Lakini sisi wawili tulifundishwa na mtu mmoja. Mkono wa Yumna ni wa Bi Mize, na wangu ni wa Bi Mize. Mama angekuwapo labda angejua.

Nikamwambia aende ndani. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua ni kwa nani. Niliapa kwa mkono wangu mwenyewe. Kofia hii nikiivaa nimevunja kiapo, nisipoivaa nakwenda kumuoza kichwa wazi. Njia ikabaki moja: kufumua maua yake, niyashone mwenyewe. Lakini yapi?

Nikachagua safu ya nyuma. Nilikuwa na uhakika na ile safu. Ilikuwa nadhifu mno, mimi sishoni nadhifu vile jioni. Nikachukua wembe, nikafumua maua sita, uzi wote nikautupa.

Mwanapili alitoka na ndoo, akaona nyuzi chini.

"Unafanya nini?"

"Nafumua ya Yumna."

Akaitwaa kofia, akaisogeza kwenye mwanga.

"Ya Yumna wapi? Hapa si palikuwa na tone la damu, limepauka? Haya ulishona wewe mwaka juzi, mimi niko kitandani na homa. Ulijichoma ukapiga kelele mpaka nikadhani nyoka."

Doa lilikuwapo. Nililiona aliponionesha. Nilikuwa nimefumua maua ambayo labda ndiyo pekee niliyokuwa na hakika nayo katika kofia nzima.

Nilikwenda msikitini isha, na baada ya sala nikamfuata Shehe Jabir. Nikamweleza yote, na usingizi, na chafya, na wembe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nyange," akasema, "kiapo cha namna hii kina kafara. Lisha masikini kumi, uvae kofia, ukamuoze mwanao."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Na miaka yote hii mitatu?"

"Miaka yote mitatu mimi nilikuwa hapa hapa. Hukuja."

"Nilidhani nitamaliza, Shehe."

"Kila siku ulidhani?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa. "Subhanallah. Una imani kuliko mimi."

"Sasa kofia ni ya nani, Shehe? Yangu au yake?"

"Hilo si suala la dini. Mkaulizane nyumbani."

Jumatatu Mwanapili alipika wali na mchuzi wa samaki, tukalisha watu kumi. Kiapo kikawa kimekwisha, naweza kuvaa kofia yoyote, hata ya mashine. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyetoka nyumbani akasahau alikuwa anakwenda wapi.

"Nenda kanunue, basi," Mwanapili akasema.

"Nitavaa ile."

"Haijaisha."

"Itaisha."

"Nyange, mume wangu, nakuomba hilo neno usiliseme tena nyumba hii."

Maua yaliyobaki, pamoja na sita niliyoyafumua, yalikuwa kumi na sita. Yumna alikuwa ameshawekwa ndani, kama bi harusi wetu yeyote, anasuguliwa singo ya manukato mwili mzima asubuhi na jioni. Nikitoka kazini naingia chumbani kwake, tunakaa mkekani. Kitambaa kimoja, sindano mbili, mimi upande huu na yeye upande ule, anashona kwa ncha za vidole asipake singo kwenye uzi. Jumanne tukashona maua matano. Jumatano manne. Sikusinzia hata mara moja. Hatukuwa tunazungumza mambo makubwa. Aliniuliza kama Gombani maji yanatoka. Nikamwambia simjui mtu wa kumuuliza, amuulize mumewe. Akasema bado si mumewe.

"Kwa nini sikulala leo?" nikamuuliza.

"Kwa sababu niko hapa, Baba."

"Na kazini, mbona nilishona peke yangu?"

Alifikiri. "Hapo sijui."

Na mimi hapo sijui.

Alhamisi akapakwa hina, mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko. Alikaa ameinyoosha mbele kama mtu anayesubiri kupewa mtoto. Yalibaki saba. Nikatunga uzi nishone, yeye anitazame, lakini shangazi zake wakaingia na ngoma na vigelegele wakanitoa.

"Mwanamme chumbani kwa bi harusi anatafuta nini? Toka, toka na kikofia chako!"

Nikakaa barazani. Maua saba, na jua bado liko juu. Ndani wanaimba, nje mimi na sindano. Nikasema leo, Nyange, leo hata ukifa, ufe umeshona. Nikavuta pumzi.

Adhana ya magharibi ikaniamsha. Nikaigeuza kofia haraka kuitazama. Saba. Bila shaka saba, nani angeshona?

Ijumaa asubuhi palikuwa na mikeka ya kutandika, masufuria ya kuazima, wageni wa kupokea. Baada ya sala ya Ijumaa Mwanapili akaiunga kofia, duara la juu na ukuta wake wa pembeni, akaipiga pasi, akanivalisha mwenyewe. Mbele ilikuwa safi. Nyuma, juu ya shingo, palikuwa na maua saba ya penseli matupu, na rangi ya mafuta ya karafuu pembeni yake.

Nilikaa mbele ya shehe. Haitham alikuwa na kofia mpya na mkono wa baridi. Mimi kichwa kilikuwa kinaniwasha, kimesahau kuvikwa. Watu wa Gombani walikuwa mbele yangu, walinitazama kama wanavyomtazama baba yeyote. Watu wa Jadida walikuwa nyuma yangu. Nilisikia mnong'ono ukianza safu ya kwanza, ukaenda mpaka mlangoni, ukarudi. Mtu akakohoa kuficha kicheko. Nikasema maneno niliyotakiwa kusema, Haitham akajibu, Shehe Jabir akasoma dua. Mwanangu akawa mke wa mtu.

Vuai alinisubiri mlangoni.

"Mbele fundi," akasema, "nyuma kofia ya Nyange."

"Nusu ni ya Yumna."

"Nusu ipi?"

"Ndiyo hiyo, hata mimi sijui."

Alinitazama vizuri, akaona sifanyi mzaha, akaninyooshea mkono wa hongera.

Walipokuja kumchukua, Yumna alikuwa amevaa buibui lake jipya, macho mekundu na mikono myekundu. Alimaliza kulia na mama yake, akaja kwangu. Hakulia. Alipitisha kidole nyuma ya kofia yangu, akahesabu bila kutazama.

"Saba, Baba."

"Najua."

"Utayamaliza?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Nimelisema miaka mitatu, linatoka lenyewe. Nikafungua mdomo, nikaona Mwanapili ananitazama kutoka mlangoni, nikaufunga. Nikajaribu tena.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Wallahi sijui."

Yumna akaangua kicheko, mbele ya shangazi zake na wakwe zake, mpaka Haitham akarudi kutoka kwenye gari kuuliza kuna nini. Alimuuliza yeye, hakuweza kujibu kwa kucheka. Akaniuliza mimi.